Msimamo wa Ligi Ulianzia Duka la Vitambaa

Great Barr haina klabu ya kulipwa. Lakini ukisimama kwenye makutano ya Scott Arms, pale barabara ya A34 inapokatana na Newton Road, umezungukwa na viwanja vitatu vya soka la kulipwa: Villa Park ya Aston Villa upande wa kusini mashariki, The Hawthorns ya West Bromwich Albion upande wa kusini magharibi, na Bescot ya Walsall upande wa magharibi. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kila kimoja kiko umbali wa kama kilomita 5. Hata halmashauri zimeigawana Great Barr kwa namna hiyo hiyo: kipande ni cha Birmingham, kipande ni cha Sandwell na kingine ni cha Walsall. Kuna majirani hapa wanaoazimana ngazi na mashine ya kukatia majani, lakini kodi ya nyumba wanalipa kwa halmashauri tofauti, na Jumamosi kila mmoja anakwenda kushangilia timu yake.

Mimi ni mtu wa Tanga. Naishi hapa Great Barr na kazi yangu ni kuendesha basi katika A34 hiyo hiyo, kati ya Birmingham mjini na Walsall. Siku za mechi nawabeba wote: wenye jezi za damu ya mzee na samawati, hao ni Villa, wenye mistari ya bluu iliyokoza na nyeupe, hao ni West Brom, na wenye nyekundu wa Walsall. Jioni wakirudi, matokeo wameshayajadili tangu uwanjani. Wakishakaa kwenye viti wanatoa simu, na ninayoyasikia nyuma yangu ni swali moja: sasa tuko wa ngapi?

Kabla ya mwaka 1888, shabiki wa mpira wa miguu wa hapa hakuwa na namna ya kuuliza swali hilo. Timu zilikuwapo, makombe yalikuwapo, hata wachezaji wa kulipwa walikuwapo. Msimamo wa ligi haukuwapo. Aliyeuleta alikuwa muuza vitambaa wa Aston, na nimeona niandike habari zake kwa Kiswahili kwa sababu moja. Sisi wa Afrika Mashariki tunaishi na msimamo wa ligi wiki hadi wiki, tunaubishania vijiweni na kwenye daladala, na wengi wetu hatujui kwamba ulibuniwa ili kutibu maradhi ambayo ligi zetu bado zinaumwa.

Kanisani na kiwandani

Klabu za huku hazikuanzishwa na matajiri. Aston Villa ilizaliwa mwaka 1874 na vijana wa Villa Cross Wesleyan Chapel, kanisa la Kimethodisti lililokuwa mpakani mwa Handsworth na Lozells. Walikuwa na timu ya kriketi, ambayo ni mchezo wa kiangazi, wakatafuta mchezo wa kuwaweka pamoja wakati wa baridi. Inasimuliwa kwamba wanne kati yao walikata shauri usiku, chini ya taa ya gesi, katika barabara ya Heathfield Road. Mechi yao ya kwanza, mwaka 1875, walicheza na Aston Brook St Mary's, timu ya raga, kwa makubaliano kwamba kipindi cha kwanza kiwe raga na cha pili kiwe soka. Villa wakashinda 1-0.

Si ajabu kwamba kanisa lenyewe lilikuwa la Wamethodisti, kwa maana dhehebu hilo lina mizizi mirefu katika ardhi hii. Hapa Great Barr, kwenye Newton Road, bado ipo nyumba ndogo alimokulia Francis Asbury, aliyevuka bahari mwaka 1771 na kuwa mmoja wa maaskofu wa kwanza wa Wamethodisti wa Marekani.

Mwaka 1876 Villa walikodi kiwanja Wellington Road, Perry Barr, vituo vichache vya basi kutoka Scott Arms. Mwenye kiwanja alikuwa mtu wa bucha. Katikati palikuwa na lundo la nyasi kavu za mifugo ambalo ilibidi liondolewe kabla ya mpira kuanza, pembeni kulikuwa na safu ya miti, na wachezaji walibadili nguo katika banda la mhunzi. Hapo ndipo klabu ilipocheza hadi mwaka 1897. Great Barr wakati huo ilikuwa mashamba ya Staffordshire. Perry Barr iliingizwa Birmingham mwaka 1928, na nyumba nyingi tunazokaa leo zilijengwa katika miaka iliyofuata.

West Brom walitoka kiwandani. Mwaka 1878 wafanyakazi wa kiwanda cha George Salter, mjini West Bromwich, waliunda timu iliyoitwa kwanza West Bromwich Strollers. Kiwanda kilitengeneza springi na mizani, na mizani hiyo tunaijua. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kliniki Tanzania ameiona: duara kama saa ya ukutani, imening'inizwa kwenye boriti, mtoto anatiwa katika suruali ya turubai yenye mikanda, analia, mshale unazunguka, nesi anasoma kilo na kuandika kwenye kadi. Nyingi kati ya mizani hizo zina jina la Salter usoni. Waliocheza mechi za mwanzo za West Brom walikuwa watu wa kiwanda hicho.

Barua ya muuza vitambaa

William McGregor alizaliwa mwaka 1846 katika kijiji cha Braco, Perthshire, Scotland. Mwaka 1870 akahamia Birmingham, na pamoja na ndugu yake Peter akafungua duka la vitambaa katika mtaa wa Summer Lane, Aston. Alikuwa mtu wa dini na wa hesabu. Villa ilimvutia kwa sababu Waskoti wenzake waliichezea, hasa George Ramsay, fundi wa chenga aliyekuwa nahodha. Mwaka 1877 McGregor akajiunga na klabu, na duka lake likawa kijiwe: mtu anaingia kununua kitambaa, anatoka akiwa amebishana saa nzima juu ya beki wa kushoto.

Julai 1885 Chama cha Soka cha Uingereza, FA, kiliruhusu wachezaji walipwe. Ndipo matatizo yalipoanza. Mshahara unadaiwa kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Mapato ya mlangoni hayakuwa na uhakika hata kidogo. Mechi zilikuwa za aina mbili: za Kombe la FA na za kirafiki. Ukitolewa mapema kwenye Kombe, unabaki na za kirafiki peke yake, na hizo zilifutwa ovyo. Klabu iliyoahidi kuja kwako ikipata mechi ya marudiano ya Kombe, au ikialikwa mahali penye watu wengi zaidi, inakupelekea telegramu kwamba haiji. Mashabiki wameshajipanga nje, na wachezaji wanasubiri hela yao. Au timu inakuja kweli, lakini imeleta wachezaji wanane na wengine waokotwe njiani. Shabiki aliyelipa kiingilio mara mbili tatu akakuta mchezo wa namna hiyo, mara ya nne alibaki nyumbani.

Machi 2, 1888, McGregor akaandika barua. Aliipeleka Blackburn Rovers, Bolton Wanderers, Preston North End na West Bromwich Albion, pamoja na klabu yake mwenyewe. Pendekezo lilikuwa jepesi kueleweka: klabu 10 au 12 zenye nguvu zikae pamoja, zipange kabla ya msimu nani atacheza na nani na tarehe gani, kila mmoja amkaribishe mwenzake mara moja na amfuate ugenini mara moja, na ratiba hiyo iheshimiwe. Hakudai kuwa amebuni kila kitu. Kriketi ya kaunti ilikuwa na mashindano ya aina hiyo, na Wamarekani walikuwa na ligi ya besiboli. Alichofanya ni kuona kwamba mpira wa miguu ungekufa kwa kukosa utaratibu huku wateja wakiwa mlangoni.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Machi 23 katika hoteli ya Anderton's, Fleet Street, London. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu kesho yake ilikuwa fainali ya Kombe la FA na watu wa mpira walikuwa wamejaa mjini. Katika fainali hiyo West Brom waliwafunga Preston 2-1, na Preston ndio waliopewa nafasi kubwa na kila mtu. Mkutano wa pili, Aprili 17, katika hoteli ya Royal mjini Manchester, ndio ulioiunda Football League. Klabu zilikuwa 12, sita za Lancashire na sita za Midlands: Accrington, Blackburn Rovers, Bolton Wanderers, Burnley, Everton na Preston North End, Aston Villa, Derby County, Notts County, Stoke, West Bromwich Albion na Wolverhampton Wanderers. London haikuwa na hata moja.

Pazia la ligi lilifunguliwa Septemba 8, 1888. Villa walikwenda Wolverhampton wakatoka sare 1-1. West Brom walikwenda Stoke wakashinda 2-0. Na jambo ambalo abiria wangu wengi, wazaliwa wa hapa hapa, hawalijui ni kwamba ligi ilianza bila pointi. Timu zilikuwa zimeshacheza wiki kadhaa bila kukubaliana mshindi ahesabiwe vipi. Wapo waliotaka ushindi tu ndio uhesabiwe na sare isipate kitu. Novemba ndipo walipokata shauri: ushindi pointi 2, sare pointi 1, na timu zikilingana, mabao ya kufunga yagawanywe kwa mabao ya kufungwa. Hesabu hiyo ya kugawanya ilidumu Uingereza hadi mwaka 1976, ilipobadilishwa kuwa tofauti ya mabao. Pointi 3 kwa ushindi zilikuja mwaka 1981.

Nikiutazama msimamo ule wa kwanza namwona mwenye duka ndani yake. Ni daftari la duka: kila mteja na mstari wake, kilichoingia upande huu, kilichotoka upande ule, na mwisho wa mstari jumla ambayo haibadiliki kwa mdomo wa mtu. Preston walimaliza mechi 22 bila kufungwa, wakiwa na pointi 40. Villa walikuwa wa pili kwa pointi 29, Wolves wa tatu kwa 28. West Brom, mabingwa wa Kombe mwaka uliotangulia, waliambulia nafasi ya sita wakiwa na pointi 22. Stoke waliburuza mkia kwa pointi 12. Wanne wa mwisho ilibidi waombe kura za wenzao ili wabaki.

McGregor alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa ligi hiyo. Alifariki Desemba 20, 1911, akazikwa katika viwanja vya kanisa la St Mary's, Handsworth, kanisa lile lile alimozikwa James Watt wa injini ya mvuke. Sanamu yake iko nje ya Villa Park tangu mwaka 2009.

Kombe liliibwa, msimamo ukabaki

Kipande cha A34 kinachopita Newtown kiliwahi kuwa na duka la vifaa vya michezo la William Shillcock, katika mtaa wa Newtown Row. Mwaka 1895 Villa waliifunga West Brom 1-0 katika fainali ya Kombe la FA, wakamkabidhi Shillcock kombe lenyewe aliweke dirishani watu walione. Usiku wa Septemba 11 likaibwa. Halikupatikana hadi leo, na Villa walitozwa faini ya pauni 25.

Napita hapo kila siku ya kazi, na tukio hilo limenifundisha tofauti ya kombe na ligi. Kombe ni chombo cha fedha, na mwizi anaweza kukibeba usiku. Ubingwa wa ligi wa Villa wa miaka ya 1894, 1896, 1897, 1899 na 1900 hauna mwizi wa kuubeba, kwa sababu kila pointi imeandikwa na kila aliyefungwa alikuwapo akifungwa. Kadhalika ubingwa pekee wa West Brom, wa msimu wa 1919-20, waliouchukua kwa pointi 60 na mabao 104 katika mechi 42. Hawajaupata tena, na hakuna awezaye kuwanyang'anya ule.

Jinsi ulivyofika kwetu

Msimamo wa McGregor ulisafiri na meli, reli na magazeti hadi pwani yetu, na majina yakaja nao. Sunderland ya Uingereza iliingia katika ligi mwaka 1890 ikichukua nafasi ya Stoke. Dar es Salaam nayo ikawa na Sunderland yake, klabu iliyoanza mwaka 1936 kwa jina la Queens, na ambayo mwaka 1971 ilibadili jina ikawa Simba. Tanzania ilipoanzisha ligi ya taifa mwaka 1965, bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland hiyo ya Kariakoo.

Mimi nilikutana na msimamo wa ligi mwaka 1988, miaka 100 kamili baada ya barua ya McGregor, ingawa jina lake sikulijua. Nilikuwa mtoto wa shule Tanga. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walikuwa wanawania ubingwa, na uwanja wa Mkwakwani siku za mechi ulijaa hadi juu ya miembe ya jirani. Gazeti lilifika limechelewa, kwa hiyo msimamo niliutengeneza mwenyewe. Nilichukua daftari la mazoezi, nikapiga mistari kwa rula: timu, mechi, ushindi, sare, kufungwa, mabao, pointi. Jioni Radio Tanzania Dar es Salaam ikitangaza matokeo, nafuta kwa ufutio na kuandika upya, hadi karatasi ikatoboka kwenye mstari wa Coastal. Mzee mmoja wa jirani, ambaye redio yake ilikuwa haina betri, alikuwa akija barazani kwetu baada ya swala ya Isha na kuniuliza, "Mjukuu wangu, leo tuko wa ngapi?" Namsomea. Ananiambia nirudie mstari wa mabao. Siku Coastal walipokuwa mabingwa, mzee yule aliomba kulishika daftari lenyewe mkononi.

Kwa hiyo nikisikia swali lile lile kwa Kiingereza cha Birmingham nyuma ya kiti changu, nalijua vizuri. Mtu anayeuliza timu yake ni ya ngapi anauliza kama jasho la wiki nzima limehesabiwa.

Msimamo hauulizi rangi

Wapo watu ambao kuhesabiwa kwa haki kulikuwa na uzito zaidi kwao. Mwaka 1978 West Brom walikuwa na wachezaji watatu weusi katika kikosi cha kwanza, jambo lililokuwa geni kabisa katika daraja la juu la Uingereza: Cyrille Regis, mzaliwa wa French Guiana, Laurie Cunningham, mtoto wa London mwenye wazazi kutoka Jamaika, na Brendon Batson, mzaliwa wa Grenada. Viwanjani walirushiwa ndizi na kuimbiwa matusi na maelfu ya watu. Regis alipoitwa timu ya taifa ya Uingereza, alipokea risasi ndani ya bahasha. Jibu lao liko katika msimamo wa 1978-79. Desemba 30, 1978 waliifunga Manchester United 5-3 Old Trafford, na mwisho wa msimu walikuwa wa tatu kwa pointi 59, pointi moja nyuma ya Nottingham Forest. Cunningham akanunuliwa na Real Madrid. Sanamu ya watatu hao imesimama West Bromwich mjini tangu 2019.

Baada yao walikuja watoto wetu. Saido Berahino alizaliwa Burundi mwaka 1993, akafika Birmingham akiwa mtoto wa miaka 10, mkimbizi wa vita iliyomuua baba yake. West Brom ikamchukua katika chuo chake cha vijana. Septemba 28, 2013 aliingia Old Trafford akafunga bao la ushindi, 2-1. Msimu wa 2014-15 alifunga mabao 14 ya Ligi Kuu. Mwaka 2019 aliiongoza Burundi kama nahodha katika fainali za Mataifa ya Afrika kule Misri, mara ya kwanza kwa nchi hiyo. Uwanja wa mazoezi wa West Brom uko kandokando ya A34, ukishavuka barabara kuu ya M6 kuelekea Walsall. Kila nikipita pale nawakumbuka watoto wote waliofika huku bila lugha, wakapata mahali ambapo mguu wao ulieleweka siku ya kwanza.

Kisha Januari 20, 2020 Mbwana Samatta akasaini Villa. Alikuwa ametoka Dar es Salaam, akapitia African Lyon, Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi na Genk ya Ubelgiji, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Februari 1 alifunga Bournemouth. Machi 1, katika fainali ya Kombe la Ligi Wembley dhidi ya Manchester City, alijitupa akapiga kichwa mpira ukatinga wavuni, ingawa Villa walifungwa 2-1. Wiki zile jamaa zangu wa Tanga walikuwa wananipigia simu kuniuliza msimamo wa Villa, watu ambao kabla ya hapo hawakujua Aston iko wapi.

Na msimamo wa msimu ule ni wa kusoma polepole. Juni 17, 2020, mechi ya kwanza baada ya ligi kusimama kwa sababu ya korona, Villa walicheza na Sheffield United katika uwanja usio na watazamaji. Kipa wa Villa, Ørjan Nyland, aliudaka mpira wa adhabu akaingia nao golini. Mpira ulivuka mstari wote. Mtambo wa kutambua goli haukutoa ishara, mwamuzi hakusimamisha mchezo, ikaisha 0-0. Pointi moja. Julai 26 Villa walitoka sare 1-1 na West Ham, wakamaliza wa 17 wakiwa na pointi 35. Bournemouth na Watford walikuwa na 34, wakashuka daraja. West Brom nao walikuwa wamejua uzito wa pointi moja: msimu wa 2004-05 walikuwa mkiani wakati wa Krismasi, wakajinusuru siku ya mwisho kwa pointi 34, wakati Crystal Palace na Norwich walishuka na 33.

Nasema haya kwa sababu kuna watu wanaodhani msimamo unahusu bingwa tu. Ulizeni Walsall. Januari 2025 waliongoza daraja la nne kwa pointi 12. Mei walimaliza wa nne, wakapoteza fainali ya mchujo Wembley dhidi ya AFC Wimbledon kwa 1-0. Nilibeba watu wengi walionyamaza wiki ile. Lakini sikusikia hata mmoja akisema wameibiwa. Kila mechi ilikuwa imechezwa, na kila pointi waliyopoteza waliipoteza mbele ya macho yao.

Neno kwa wenye ligi zetu

Maradhi aliyoyatibu McGregor kwetu yanaitwa viporo. Mechi inaahirishwa, timu moja imecheza mechi tano zaidi ya nyingine, na msimamo unaochapishwa unamdanganya msomaji. Machi 8, 2025 dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, haikuchezwa siku yake. Ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kutwaa ubingwa. Kwa zaidi ya miezi mitatu nchi nzima ilisoma msimamo wenye pengo katikati, na hakuna shabiki, wa Simba au wa Yanga, aliyeweza kujibu kwa uhakika timu yake ni ya ngapi.

Sababu za kuahirisha hazikosekani: mashindano ya Afrika, timu ya taifa, viwanja, migogoro. Hata klabu za mwaka 1888 zilikuwa na sababu, kila moja ikiwa na telegramu yake. Muuza vitambaa wa Aston alizielewa zote na bado akasema tarehe ikishaandikwa ichezwe, kwa kuwa mchezaji anayelipwa mwisho wa mwezi, mwenye kibanda cha chipsi nje ya uwanja, na shabiki aliyetoka Muheza kwa nauli ya kuazima wote wameipanga siku yao kwa kuitegemea ratiba hiyo.

Vipaji tunavyo, na Berahino na Samatta wameshathibitisha hilo katika barabara ninayoendesha basi. Viwanja vinajengwa, na wapenzi wa mpira hatuna upungufu nao. Kilichobaki ni kuitii ratiba. Viongozi wa mashirikisho, wenye klabu na wadhamini: pangeni tarehe mnayoiweza, kisha ichezeni. Na wewe shabiki, ukiuliza timu yako ni ya ngapi, uliza pia kama wote wamecheza mechi sawa. Kama hawajacheza, dai zichezwe.